Umelipa Mara Moja, Lakini Una Tiketi Ngapi?

Ujumbe wa malipo umeingia kwa simu: Sh122,000 zimeenda kwa ajenti wa usafiri, jina la biashara liko sawa, namba ya muamala iko. Nyumbani Mukurwe-ini watu wanashangilia, safari ya Boston imelipwa. Kile ambacho ujumbe huo hausemi ni kama pesa hizo zimenunua tiketi moja au mbili. Na hapo ndipo kuna kazi. Hiyo tofauti ndiyo huamua nani atavuta masanduku pale New York, nani atagharamia ndege ikichelewa, na kama binti atafika chuoni kabla masomo hayajaanza.

Tunaandika haya kwa sababu wateja wetu wa Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya na Nanyuki siku hizi hulipia nauli ya ndege kwa simu vile wanavyolipia karo na stima. Na mara nyingi pesa zenyewe si za mtu mmoja. Ni mchango wa harambee, mkopo wa sacco, bonasi ya majani chai, na kitu kidogo cha shosho. Zikipotea hazirudi kirahisi.

Nyeri hadi Mombasa

Wacha tuanze na safari ambayo kila mtu anaijua. Unapanda matatu Nyeri asubuhi, unashuka Nairobi, unaenda kutafuta basi la Mombasa ambalo umelipia tayari. Matatu ikikwama Kenol kwa jam ya saa mbili, basi la Mombasa litaondoka bila wewe. Huwezi kwenda kwa ile sacco ya matatu kudai nauli ya basi. Basi nalo litakuambia lilikuwa stendi kwa wakati, wewe ndiye hukuonekana. Gunia lako la viazi, nalo, halitajipeleka lenyewe kutoka stendi moja hadi nyingine.

Tiketi mbili za ndege hufanya kazi hivyo hivyo. Kila shirika lina mkataba na wewe kwa kipande chake tu. La kwanza likichelewa na ukose la pili, la pili linakuhesabu kama abiria ambaye hakutokea, na kwa tiketi nyingi za bei nafuu pesa zimeenda. Mbaya zaidi, kama tiketi hiyo ya pili ilikuwa ya kwenda na kurudi, kukosa kwenda mara nyingi hufuta na kurudi pia.

Tiketi moja ni kitu kingine kabisa, hata kama ina ndege tatu za mashirika mawili ndani yake. Hapo ukichelewa kwa sababu ya ndege ya kwanza, ni jukumu lao kukutafutia nyingine. Begi pia kwa kawaida hupewa lebo ya mwisho wa safari.

Utajuaje uko na ipi? Fungua ile karatasi ya tiketi uliyotumiwa. Tafuta namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za kwanza zinaonyesha shirika lililotoa tiketi: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Ukiona abiria mmoja ana namba mbili zenye mianzo tofauti, hizo ni tiketi mbili. Namba zikiwa za shirika moja usitulie bado, kwa sababu ajenti anaweza kununua vipande viwili vya shirika hilo hilo kando kando. Kwa hivyo muulize swali hili moja kabla ya kuweka PIN: ndege ya kwanza ikichelewa, nani atanipa nyingine bila mimi kulipa? Mwambie akujibu kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp. Ajenti mzuri hatakasirika. Akianza kuzunguka, hilo nalo ni jibu.

Mitandao ya kuuza tiketi pia ina tabia hii. Unachagua safari moja, unalipa mara moja, kumbe chini kwa herufi ndogo wameandika kwamba utachukua mizigo yako mwenyewe katikati ya safari na kuiwasilisha upya. Hiyo ni lugha ya tiketi mbili. Na kinyume chake hutokea pia: nauli ikipita kikomo cha muamala wako, ajenti atakuambia ulipe mara mbili, na hiyo haimaanishi una tiketi mbili. Idadi ya malipo haikuambii lolote kuhusu idadi ya tiketi.

Begi linashuka wapi

Ukifika kaunta pale JKIA, kitu cha kwanza kuuliza ni begi langu linafika wapi? Usikubali jibu la kutikisa kichwa. Soma lebo inayofungwa kwenye mkono wa begi, ina herufi tatu kubwa. JFK ni New York, BOS ni Boston, DXB ni Dubai, LHR ni London Heathrow. Kama unaenda Boston na lebo inasema JFK, begi linashuka New York na ni lako kulichukua. Piga picha ya lebo hiyo pamoja na ile stika ndogo unayopewa.

Kuna wakati mfanyakazi wa kaunta, ukimwonyesha tiketi ya pili, atakubali kulipeleka begi hadi mwisho ikiwa mashirika hayo mawili yana makubaliano. Mashirika mengine hukataa kabisa kufanya hivyo kwa tiketi zilizonunuliwa kando. Uliza, lakini usipange safari yako juu ya huruma ya kaunta. Hata wakikubali, wamekusaidia kubeba mzigo tu. Ndege ya pili ikikuacha bado ni hasara yako.

Marekani ina jambo lake. Abiria anayetoka nje, hata mwenye tiketi moja, kwa kawaida huchukua mizigo yake kwenye uwanja wa kwanza anaotua na kupita nayo forodha. Tofauti ni kwamba mwenye tiketi moja akitoka hapo huikabidhi tena karibu na mlango, lebo ikiwa tayari inasoma BOS. Mwenye tiketi mbili anavuta masanduku yake hadi jengo lingine, anapanga foleni upya, na analipia mizigo upya. JFK kuna treni ya bure kati ya majengo, hiyo si shida. Shida ni pale ndege ya pili inapoondokea LaGuardia, au Newark ambayo iko jimbo lingine kabisa la New Jersey. Tiketi itaandika New York, na mzazi aliye Tetu hawezi kujua kwamba kati ya uwanja mmoja na mwingine kuna safari ya gari ya saa nzima au zaidi.

Ghuba wana mtego unaofanana na huo. Air Arabia hutoka Nairobi ikatua Sharjah. Ajenti akikununulia tiketi ya pili inayoondokea Dubai, huo ni uwanja mwingine katika mji mwingine, na utahitaji teksi. Na utahitaji viza, ambalo ndilo jambo linalowafungia watu wengi zaidi.

Viza ya kuchukua begi

Mkanda wa mizigo uko upande wa pili wa uhamiaji. Ili ufike kwa begi lako lazima uingie nchi hiyo kirasmi. Mwenye tiketi moja anaweza kukaa ndani ya uwanja, akabadilisha ndege bila kugongwa muhuri. Mwenye tiketi mbili na begi lililoshukia hapo katikati hana namna, ni lazima atoke. Mkenya anayeshuka Amsterdam kuchukua begi ili aabiri ndege nyingine anahitaji viza ya Schengen. London ni hivyo hivyo, kupita uhamiaji ili ukachukue mzigo kwa kawaida kunataka viza ya Uingereza, hata kama utakaa saa 4 tu.

Na kizuizi hiki hakikungoji Ulaya. Kinakungoja Embakasi. Mfanyakazi wa kaunta anaangalia tiketi aliyo nayo mbele yake, na kwa tiketi hiyo safari yako inaishia Amsterdam. Mashirika hutozwa faini yakibeba abiria asiye na karatasi, kwa hivyo atakuuliza viza ya Uholanzi, hutakuwa nayo, na utarudi Nyeri na masanduku yako jioni hiyo hiyo. Ukiwa na tiketi ya pili, ionyeshe mapema na uulize ofisi ya shirika lile la kwanza siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari.

Hesabu ya ile nafuu

Hatusemi tiketi mbili ni mbaya kila wakati. Kuna safari ambazo bila kuzigawanya mtu wa kawaida hawezi kumudu. Lakini fanya hesabu yote. Tuseme kwa mfano tiketi moja ya kutoka Nairobi hadi Boston ni Sh145,000, na mbili kwa pamoja ni Sh122,000. Umeokoa Sh23,000. Sasa toa mizigo. Safari za Nairobi hadi New York mara nyingi huruhusu mifuko miwili ya kilo 23, lakini mashirika ya ndani ya Marekani hutoza begi la kwanza dola 35 au zaidi, na la pili juu ya hapo. Chukua dola 80 kwa mabegi mawili. Ukihesabu dola moja kwa Sh129, hiyo ni Sh10,320. Nafuu yako imebaki Sh12,680, na hujanunua chakula wala hujalala mahali. Ndege moja ikikupita, tiketi ya kununua siku hiyo hiyo inaweza kumeza hizo zote na nyingine juu.

Kwa Boston hasa, sisi tungesema angalia basi. Kutoka New York ni kama saa 4 hadi 5, begi liko nawe, na likikupita kuna lingine. Wakenya wengi walioko Massachusetts watakuambia hivyo pia.

Kama lazima ziwe tiketi mbili, nunua muda. Kwa safari ya kimataifa yenye mizigo ya kushusha na kukabidhi upya tungetaka saa 5 kwa uchache, na kama ndege ya pili ni ya mwisho ya siku hiyo, afadhali ulale uondoke kesho. Kumbuka kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, kwa hivyo saa 3 kwenye karatasi ni saa 2 kwa ukweli, na ndani yake kuna foleni ya uhamiaji. Safiri na begi la mkononi pekee ukiweza, utakuwa umefuta nusu ya shida zote tulizotaja. Na hata huku nyumbani, mtu wa Nyeri anayeruka saa 5 usiku asitoke na matatu ya saa 11 jioni akitumaini Thika Road itakuwa imelala.

Wageni wa mlima

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao watu wa Nanyuki na Naro Moru wanaujua kuliko sisi. Mgeni anatoka Ulaya anakuja kupanda Mlima Kenya. Ametua JKIA asubuhi. Ndege ndogo ya Nanyuki inaondokea Wilson, kwa tiketi nyingine, upande wa pili wa jiji. Begi lake la kilo 25 linakutana na sheria ya kilo 15 kwa mfuko laini. Akifika Nanyuki ana nusu ya vitu, au hana kabisa kwa sababu begi limebaki Frankfurt.

Hasara inaanguka kwa gaidi na wapagazi. Ada za hifadhi zimelipwa kwa tarehe fulani, wapagazi wameacha kazi nyingine, na Point Lenana kwa mita 4,985 haipandwi na viatu vya raba vya mjini. Gaidi mwenye busara humwandikia mgeni mapema: lala Nairobi usiku mmoja, panda na buti zako ukiwa umezivaa, weka koti la baridi kwa begi la mkononi, yale masanduku magumu yaache hotelini. Na ukiwa unakodisha buti na mifuko ya kulalia, weka bei wazi na till ya biashara, kwa sababu siku begi la mgeni litachelewa utahitajika haraka. Amana ya mgeni pia ipokee kwa maandishi yanayosema nini kitatokea akikosa kufika siku ya kuanza. Wengi huliacha hili mpaka siku ya ugomvi.

Amekwama, mtatuma pesa vipi?

Hapa ndipo kazi yetu inaingia. Laini ya Kenya ikiwa nje ya nchi inaweza kupokea pesa, lakini Doha hakuna ajenti wa kibanda wa kukutolea. Na kaunta nyingi za ndege zinataka kadi. Kwa hivyo panga kabla ya kutoka. Washa huduma ya kutumia laini ukiwa ng'ambo ukiwa bado Nyeri, kwa sababu bila hiyo ile SMS ya kuthibitisha malipo ya kadi haitaingia, na kadi itakataa ukiwa mbele ya kaunta watu wakingoja nyuma yako. Kama una kadi pepe iliyounganishwa na pesa za simu, ijaribu kwa malipo madogo kabla ya safari. Ukitumia huduma ya kutuma pesa nje kwa simu, andika jina la mpokeaji vile lilivyo kwa pasipoti, neno kwa neno. Jina la nyumbani ambalo kila mtu anamwita nalo halitamsaidia kwa dirisha la kuchukulia pesa.

Matapeli nao wanazijua safari zetu. Wanaona picha za kuaga Facebook, wanahesabu saa, halafu simu inaingia kwa mama: mtoto wako amezuiliwa Dubai kwa sababu ya uzito wa mizigo, tuma Sh18,500 kwa hii namba ya afisa kabla ndege iondoke. Mama hawezi kumpata mtoto kwa sababu kweli yuko angani. Ada ya mizigo hulipwa kaunta na msafiri mwenyewe. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi Kenya. Wekeni neno la siri la familia kabla ya safari, na atakayepiga bila kulijua asipate hata shilingi. Ujumbe mwingine husema begi lililopotea limepatikana JKIA na linahitaji ada ya forodha pamoja na PIN yako. PIN yako haihitajiki na mtu yeyote, sisi tukiwemo.

Kwa ajenti vilevile: lipa kwa Paybill au till yenye jina la biashara, na lisome jina hilo kabla ya kuthibitisha. Uliza kama ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Baada ya kulipa, usingoje siku ya safari. Ingia tovuti ya shirika lenyewe na namba ya bukingi na jina la ukoo, uone kama safari ipo na imelipwa. Kama ni ajenti wa kazi za Ghuba, jina lake linafaa kuwa kwa orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Begi lisipotokea

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Tafuta dawati la mizigo na uandikishe ripoti ya begi lisilofika, upewe namba. Ukishatoka mlangoni, kueleza kwamba halikufika inakuwa ngumu mara kumi. Mwenye tiketi moja ana raha hapa, shirika lililomfikisha mwisho ndilo hushughulika. Mwenye tiketi mbili anashughulika na lile lililoandika lebo, na hilo litampelekea begi hadi pale lebo yake inapoishia. Kama ni JFK na wewe uko Boston, mtaelewana.

Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, na huo ndio unaokupa nguvu. Begi lililoharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Lisipoonekana kwa siku 21 linahesabiwa limepotea. Kesi inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 2. Kikomo cha fidia ya mizigo tangu Desemba 28, 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha ya IMF iitwayo SDR, takriban dola 2,000 kwa abiria mmoja. Hicho ni kikomo, si zawadi, na watakuuliza ulikuwa umebeba nini. Kwa hivyo kabla ya kufunga sanduku piga picha likiwa wazi, na risiti za vitu vya bei uzihifadhi kwa simu. Barua ya chuo, dawa, nguo za siku moja na powerbank zisiingie humo hata kidogo. Hiyo powerbank hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege kwa sababu ya moto, na utaitwa ufungue sanduku zima mbele ya watu kuitafuta kati ya pakiti za majani chai na unga.